Bango Ukutani kwa Mkwe

Bango lilibandikwa Kibiti siku ya Jumatano, kwenye ukuta wa duka la mbao la Mzee Abdulla, ule unaotazama stendi, pale mabasi ya Lindi na Mtwara yanaposimama na abiria kununua korosho kwa kupitia dirishani. Vijana wawili wa shirika la mazingira walikuja na ndoo ya gundi na brashi. Hawakuomba ruhusa, kwa sababu ruhusa walikuwa nayo tangu mwezi uliopita. Aliyewaombea alikuwa Kondo, mtu wa visiwa vya delta, ambaye binti yake Rukaya ameposwa na Tahiri, mtoto wa kwanza wa Mzee Abdulla.

"Mkwe, ukuta wako unaonekana na kila mtu," Kondo alisema siku mahari ilipopokelewa, kifua mbele. "Watu wa shirika wametupiga picha mie na mama Rukaya tukipanda mikoko. Waache wabandike kwako, wageni wa harusi watuone."

Mzee Abdulla akacheka, akasema hapana neno, ukuta ni wa wote.

Sasa bango lilikuwa ukutani, refu kama mlango, limegawanywa katikati kwa mstari. Upande wa kulia ulikuwa wa kijani kitupu. Mwanamke mwenye mtandio wa njano ameinama kwenye tope, mche wa mkoko mkononi, anacheka mpaka jino lake la pembeni lililomeguka linaonekana. Chini yake paliandikwa ANAPANDA. Upande wa kushoto haukuwa na rangi. Mwanamume amesimama na panga, gogo kavu miguuni, uso ameukaza, macho yanamtazama kila apitaye. Nyuma yake visiki vimejipanga mpaka mwisho wa jicho. Chini yake paliandikwa ANAUA. Na chini ya wote wawili, kwa wino mwekundu: WEWE NI YUPI?

Tumpe haki yake aliyelichora. Kazi ya bango ni kuita macho, na hili liliyaita. Makondakta walisimama, mama lishe wakasimama na masufuria yao, abiria wakachungulia wakatoa simu. Mabango ya mwaka jana, yenye mistari mingi kuhusu faida za mikoko, yalipigwa jua mpaka yakapauka bila mtu kuyasoma hata nusu.

Bi Maryam, mke wa Mzee Abdulla, alitoka kununua limau. Alimtambua yule wa kushoto kabla hajasoma neno, maana alishakula wali nyumbani kwake. Akarudi ndani bila limau.

"Toka nje," akamwambia mumewe, "ukamwone mkweo."

Kondo na mkewe Mwanamina walifika Kibiti kesho yake. Walikuwa wametoka kwao baada ya alfajiri kwa boti ya mashine hadi Nyamisati, kisha pikipiki hadi barabara kuu, na mizigo juu ya mizigo: mchele mpya wa shambani kwao, mikeka, kamba wakavu wa harusi. Nikaha ilikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata, na Rukaya alikuwa ameshatangulia kwa baba yake mdogo, Dadi, fundi baiskeli mwenye nyumba yake Kibiti, akisingwa na kufundwa. Dadi alikuwa akimpigia simu kaka yake tangu jana, akiambiwa kila mara kwamba haipatikani. Simu za delta ndivyo zilivyo.

Kondo alivaa kanzu na koti juu yake, na kofia ya viua ambayo huitoa kwa Idi tu. Pikipiki ilipowashusha hakutaka kwenda kwa Dadi.

"Twende kwa mtoto kwanza," Mwanamina alisema. "Mizigo hii inatuelemea."

"Kidogo tu, mama Rukaya. Mie tangu nizaliwe sijabandikwa popote ila kwenye kadi ya kura."

Ng'ambo ya barabara aliona kijani, akamwona mkewe. Akacheka kwa sauti. "Tazama jino lako lilivyo nje." Kisha akaanza kujitafuta. Alijitafuta kando ya mkewe, akajitafuta nyuma ya mkewe, akajitafuta kati ya miti. Mwanamina alikuwa ameshamwona, lakini hakuwa na namna ya kumwambia. Akamwacha atafute mpaka macho yake yakafika upande wa kushoto.

Kondo husoma polepole, midomo ikienda. Neno lile lilikuwa fupi, hata hivyo alilisoma mara mbili.

"Mzee," muuza korosho mmoja akamwita, "si ndiye weye huyu?"

"Ndiye," mwenzake akajibu. "Leo kavaa kanzu."

"Na yule mama ndiye yule. Lo, ni mtu na mkewe. Sasa mmoja anaua, mmoja anapanda, jioni wanazungumza nini?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya; walicheka kama watu wanaongojea basi lililochelewa na wamepata kitu cha kupitishia muda. Lakini Kondo alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya viua, na hakuwahi kuchekwa na vijana mchana kweupe. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamuwaka. Mwanamina akajifunika mtandio uso mzima, ule ule wa njano, na kwa kufanya hivyo akazidi kujulikana.

Dukani, Mzee Abdulla alikuwa kwenye meza yake karibu na rundo la boriti. Kwenye kiti cha wageni palikuwa na mfuko wa misumari.

"Asalaam aleykum, mkwe," Kondo akasema.

"Waaleykum salaam, Bwana Kondo."

Jina hilo pekee lilitosha. Wiki zote hizi alikuwa mkwe, leo amekuwa Bwana Kondo. Mfuko wa misumari haukuondolewa kitini. Tahiri, mchumba mwenyewe, alikuwa akipima mbao nyuma ya duka. Alisema shikamooni, akarudi kwenye futi yake, akapima ubao ambao alikuwa ameshaupima. Siku nyingine angekwisha kukimbilia soda.

"Mkwe, mie nimeona bango," Kondo akaanza. "Siku ile nilikuwa napanda. Kijiji kizima kilikuwepo. Muulize mama Rukaya."

"Naamini."

"Lile panga lilikuwa la kufyekea magugu. Tulipanda kwenye shamba la mpunga lililoachwa, na shamba likiachwa linaota magugu marefu, huwezi kuchomeka mche mpaka ufyeke. Na gogo lile ni mchu, mkoko ulioanguka wenyewe zamani."

"Naamini, nimekwambia. Lakini bango halisemi hivyo." Mzee Abdulla alishusha sauti. "Mie nauza miti, Bwana Kondo. Leo asubuhi afisa misitu kaja. Kasimama hapo nje, katazama bango, kisha kaingia ndani kaniuliza boriti hizi umezitoa kwa nani. Miaka yote hii hajapata kuniuliza. Sasa harusi itangazwe, ijulikane kwamba yule wa ukutani ndiye mkwe wangu. Atasema nini?"

Kondo alizitazama boriti. Zilikuwa mikoko ya delta, zimenyooka vizuri, na alizijua fika njia zilizozifikisha pale. Zamani, kabla hajaingia kwenye kikundi cha upandaji, yeye na majirani zake walikuwa wakipakia boriti kwenye majahazi, na lori la Mzee Abdulla likiyangojea Nyamisati bila kuuliza kibali cha mtu. Neno hilo lilimjia mpaka mdomoni. Akalimeza. Mtu anayeozesha binti hamfungulii mkwewe mambo ya namna hiyo, na Mzee Abdulla alijua kwamba hatafunguliwa.

"Basi libandue. Ukuta ni wako."

"Nikilibandua watasema naficha. Na si hili tu. Lipo Bungu, lipo Jaribu, lipo njia panda ya Mchukwi, yapo mpaka Ikwiriri. Nitayabandua yote?" Akafuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Waliolibandika waje wenyewe, wasimame hapo stendi, waseme mbele za watu kwamba huyu si mkataji, ni mpandaji. Wakisema, harusi ni kama tulivyopanga. Wasiposema, itabidi tukae tena."

Watu wa Kibiti wakisema itabidi tukae tena, mwenye binti huenda nyumbani na homa.

Wakati wanatoka, sauti ya Bi Maryam ilisikika nyuma ya pazia, tamu tupu. "Mwambieni mama Rukaya picha yake imetoka vizuri sana."

Ofisi ya shirika ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya soko, na kuta zake zimejaa mabango. Msimamizi wake, Faudhia, msichana mwenye hijabu ya bluu na adabu zake zote, aliinuka haraka.

"Shikamooni. Mama, karibu. Umeona ulivyotoka? Watu wote wanakuulizia wewe." Kisha akamtazama Kondo, na furaha ikamwisha.

Faudhia alikuwepo siku ya picha. Yeye ndiye aliyewagawia fulana na biskuti. Bango hakulichora, lilikuja limeshakamilika kutoka Dar es Salaam, na alipolifungua alishtuka kidogo, akajiambia kwamba wenyewe hawatajali. Ni jambo ambalo watu wema hujiambia mara nyingi, kwa kuwa linawapunguzia kazi. Sasa alimpigia simu Twalha, mpiga picha na mchoraji wa shirika, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Mzee wangu, shikamoo," sauti ya Twalha ikasema. "Kwanza hongera. Bango limebamba, si mchezo. Huku mjini kila mtu analizungumzia."

"Marahaba. Mwanangu, umeniandika muuaji."

"Hapana, Mzee, sijakuandika wewe. Jina lako lipo pale? Halipo. Ile ni sura tu."

"Sura ni yangu."

"Nisikilize, Mzee. Mtu yupo barabarani, ana haraka zake, hasomi. Ukimwekea watu wanapanda miti, anapita. Tuliweka hivyo mwaka jana, nani aliyatazama? Lakini ukimwekea mbaya na mwema anasimama, anajiuliza mie ni yupi. Akisimama tu, umempata. Lazima awepo mbaya."

"Na mbaya nikawa mie."

"Sura yako ina nguvu, Mzee. Nilipiga watu wengi siku ile, hakuna aliyetoka kama wewe."

"Uliniambia nikaze uso."

"Sikukuambia. Ulikaza mwenyewe. Mie nilisema usibadilishe, hivyohivyo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Kondo kuliko yote. Delta hawana mzaha na picha. Mwanamume mtu mzima akipigwa picha hachekicheki. Hufunga vifungo, husimama wima, hukaza uso kama anayepokea wageni wa heshima, maana picha itabaki na wajukuu wataitazama. Siku ile Kondo aliomba asubiriwe akanawe tope usoni. Akarudi, akashika panga lake vizuri, akajikaza. Majirani walimwonea wivu kwamba mpiga picha amekaa kwake muda mrefu. Na yeye akarudi nyumbani akisema hatimaye wamejua nani mtu na nani si mtu.

"Mie nilikaza kwa heshima," akasema.

Twalha akajibu kwenye simu, "Nakuelewa, Mzee. Lakini kwenye picha heshima haionekani."

Faudhia aliinamisha macho. Kondo akamgeukia yeye, kwa kuwa angalau alikuwa mtu wa kuonekana. "Binti yangu anaolewa Ijumaa ijayo. Mkwe kasema mje mseme neno moja tu pale stendi. Kwamba huyu si mkataji. Neno moja tu, mwanangu. Wewe ulikuwepo, uliniona."

"Nilikuona, baba."

"Faudhia," Twalha akadakia kwenye simu, "usitoe tamko lolote bila makao makuu. Wafadhili wanakuja wiki ijayo kuliona lilivyopokelewa. Tukisimama kusema picha si ya kweli, bango lote limekufa, na mabango mengine yote yanaingia shaka. Mzee, naomba unielewe. Ni kwa faida ya delta yenu."

Mwanamina akasema kwa upole, "Kama hamwezi kumtoa yeye, basi nitoeni mie."

"Mama, wewe ndiye tegemeo la bango."

"Sitaki kuwa tegemeo la bango linalomtukana mume wangu."

Twalha aliaga kwa heshima nyingi, akakata simu. Faudhia akakaa akizungusha kalamu. Alikuwa na moyo, hilo lisemwe, na alikuwa na kazi aliyoipata kwa shida. Vyote viwili alitaka vibaki.

"Baba, kusema sitaweza," akasema mwishowe. "Lakini naweza kukuficha. Nitapita mwenyewe kwenye mabango ya hapa Kibiti, nibandike karatasi usoni. Hakuna atakayekujua."

Kondo akamshukuru, akamshukuru tena, mpaka Mwanamina akaona haya kwa niaba yake.

Faudhia alitimiza ahadi. Jumamosi asubuhi alipita na gundi yake. Hakutaka kuharibu mchoro wa watu, hivyo hakufunika uso mzima. Alikata karatasi nyeusi, akabandika ukanda mmoja kwenye macho.

Ukanda wa namna hiyo watu wameuona magazetini, juu ya macho ya watuhumiwa na maiti. Kufikia adhuhuri stendi nzima ilikuwa na habari kwamba yule wa kushoto amekamatwa. Wengine walisema alikamatwa Bungu na lori la magogo, wengine wakasema alijaribu kutoroka kwa boti. Na wale waliokuwa hawajamtambua mwanzoni sasa waliuliza ni nani, wakaambiwa jina, kijiji, na binti yake anaolewa wapi.

Jioni hiyo mshenga, Mzee Ally, alipiga hodi kwa Dadi. Alikuwa mtu wa sauti ndogo na maneno ya kupakwa mafuta, ndiyo maana huitwa kwenye posa. Kondo, Dadi na Mwanamina walimkalisha mkekani. Rukaya alikuwa chumbani, kapakwa manukato ya liwa mwilini, nyuma ya pazia lisilozuia neno hata moja.

"Harusi haivunjwi," Mzee Ally akaanza. "Mzee Abdulla hana nia hiyo, na nimetumwa niliseme hilo mwanzo. Ila wageni ni wengi. Diwani kaalikwa, afisa misitu kaalikwa, na sasa kumwambia asije itakuwa maneno. Kwa hiyo ndugu yetu anaomba. Anaomba tu. Walii, mwenye kuozesha, awe Dadi. Na wewe, Kondo, kwa siku ile moja, usionekane mjini."

Dadi aliinuka nusu. "Baba wa mtoto yu hai, kakaa hapa, mie nioze vipi?"

"Sheria inaruhusu. Baba akimpa ndugu yake uwakala, imekwisha."

"Sheria inaruhusu. Mie nakuuliza uso wangu nitauweka wapi mbele ya kaka yangu."

"Na mie?" Mwanamina akauliza. "Nami nisionekane?"

Mzee Ally alikohoa. "Wewe, mama, njoo. Wewe wanakutaka sana."

Pazia likatikisika. Mwari hatoki mbele ya wanaume, na Rukaya hakutoka, lakini vidole vyake vyenye liwa vilishika ukingo wa pazia.

"Baba, mie siolewi hivyo."

"Nyamaza, mwanangu."

"Siolewi. Baba asipokaa, na mie sikai." Vidole vikakaza pazia. "Na Tahiri? Tahiri kasemaje?"

Mzee Ally akatazama mkeka. "Tahiri ni mtoto. Mbele ya baba yake atasema nini?"

Vidole vikaachia pazia. Ndani palisikika kilio cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga, na Mwanamina akataka kuinuka, Kondo akamzuia kwa mkono.

"Rukaya," akaita. "Nakuuliza mbele ya mama yako na unijibu kweli. Tahiri unamtaka?"

Swali lilikuwa la aibu, na baba hamuulizi binti yake swali hilo isipokuwa pamekuwa pabaya.

"Namtaka," Rukaya akasema.

"Basi yamekwisha."

Hakuwa amekwisha kufikiri. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na jina. Posa ikivunjika kwa sababu ya bango, hakuna atakayekumbuka bango. Watu watakumbuka tu kwamba binti wa Kondo aliachwa wiki ya nikaha, na watajitungia sababu wenyewe. Akamgeukia mdogo wake, akakaa vizuri, akaweka mikono magotini.

"Dadi, nimekupa uwakala. Muozeshe binti yangu Rukaya kwa Tahiri bin Abdulla, kwa mahari tuliyopatana. Mzee Ally, wewe ni shahidi."

"Nimekubali uwakala," Dadi akasema huku akilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake.

Kondo akaomba maji. Alipoletewa, aliishika bilauri mpaka Mzee Ally akaaga na kuondoka, akairudisha ikiwa imejaa.

Siku ya harusi, Kondo alikuwa delta. Alirudi siku moja kabla, akasema miche inasongwa na magugu, na hakuna aliyembishia. Saa ambayo wenziwe walikuwa msikitini Kibiti yeye alikuwa ndani ya tope hadi magotini, peke yake, anafyeka. Fulana ya shirika hakuivaa. Kila alipofika kwenye safu ya miche aliyoipanda na mkewe aliinama akaikagua, maana miche haikuwa na kosa.

Msikitini, shehe alimwuliza Dadi kama alivyopaswa kuuliza.

"Baba wa binti yu hai?"

"Yu hai."

"Yuko wapi?"

"Ana kazi, shehe. Kanipa uwakala."

Mzee Abdulla alikohoa. Afisa misitu alitazama saa yake. Diwani hakusikia, alikuwa akisoma simu. Nikaha ikafungwa bila kasoro, Tahiri akajibu qabul, kwamba amekubali, kwa sauti ya chini mpaka akaambiwa arudie, halwa ikapita, na waliokuwa na haraka wakaondoka na kahawa mikononi.

Upande wa wanawake kulikuwa na vigelegele vya kutosha. Bi Maryam alimkumbatia Mwanamina mara kadhaa mbele za watu. Alimtambulisha kwa kila mgeni: "Huyu ndiye mama mkwe, yule wa bango." Na wageni walimshika mkono kwa furaha. Hakuna aliyeuliza habari za mumewe. Walikuwa wameambiwa wasiulize.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, Mzee Abdulla alikuwa ameona ufumbuzi wake. Alichukua kisu cha dukani, akakipitisha kwenye ule mstari wa katikati, taratibu, akaubandua upande wa kushoto wote. Ukuta sasa ulikuwa na mwanamke peke yake, wa kijani, anayecheka, na neno ANAPANDA. Ile WEWE NI YUPI ilikatwa katikati, ikabaki NI YUPI. Bango lilipendeza zaidi, wengi walisema. Faudhia, ambaye alialikwa naye akaja na zawadi, alilitazama kwa muda mrefu, kisha akatafuta pa kukaa mbali nalo.

Alasiri mpiga picha wa harusi alitaka picha ya kukumbukwa. Aliwapanga ukutani, bibi harusi katikati, Bi Maryam kushoto pale palipobaki alama za gundi, Mwanamina kulia, sawasawa chini ya picha yake mwenyewe.

"Mama, sogea kidogo. Hapo. Sasa cheka, mama. Cheka kama pale juu."

Mwanamina hakucheka.

"Mama yetu, siku ya furaha hii. Kama pale, lile jino lionekane."

"Mwanangu," Mwanamina akasema, wala hakupandisha sauti, "unajua pale nilikuwa namcheka nani?"

Kijana akashusha kamera. Wanawake waliokuwa karibu wakageuka.

"Nilikuwa namcheka mume wangu. Kasimama mbele yangu na panga lake, kaenda kunawa uso, kajikaza ili atoke vizuri, nami nikashindwa kujizuia. Nikamwambia baba Rukaya, umekuwa kama polisi. Ndipo nikapigwa picha." Akainua macho kwenye bango, pale ambapo macho ya yule mwanamke yalikuwa yakitazama kushoto, yakitazama ukuta mtupu. "Mleteni. Nitacheka."

Bi Maryam akarekebisha ushungi wake, akatafuta mahali pa kutazama. Tahiri, aliyekuwa ameitwa asimame kando ya mkewe, aliinamisha kichwa. Kijana wa kamera hakuwa mtu wa Kibiti na hakuelewa alichofanya. Alingoja kidogo, akaona jua linashuka, akapiga hivyohivyo.

Picha hiyo ipo sebuleni kwa Tahiri. Bi Maryam amesimama na tabasamu nusu, Tahiri kainamisha kichwa. Mwanamina amesimama wima, uso umekazwa, na kando yake Rukaya, hina mpaka viwikoni, amejikaza vilevile, macho yanamtazama kila aingiaye. Wageni huuliza kwa nini bibi harusi amenuna siku yake. Rukaya huwaambia hakununa, kwao ndivyo watu wa heshima wanavyopigwa picha.